Eko inapopotosha kuhusu aota: utatuzi wa matatizo, dalili kwa dalili

Ripoti ya eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, inasema aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, ina upana wa sentimita 4.6. Wiki tatu baadaye skani ya CT ya mtu yuleyule inasema 4.1. Mgonjwa anauliza ipi ya kweli, naye anajibiwa kwamba CT ndiyo sahihi, mambo yakaishia hapo. Jibu hilo huenda ni kweli, lakini halielezi kosa lilitokea wapi, na kosa ambalo chanzo chake hakikutafutwa hurudi. Upande wa pili unatisha zaidi: eko inasoma 3.8, ripoti inasema hakuna tatizo, kumbe sentimita chache juu ya pale palipopimwa aota imefura hadi 5.2.

Mwongozo huu ni wa anayeshika probu, kile kifaa cha eko kinachowekwa mwilini, na wa daktari anayesoma ripoti. Mgonjwa mwenye ripoti mbili zinazogombana naye anakaribishwa.

Kwanza tuelewane maneno. Aota hutoka moyoni kwa shina lenye vifuko vitatu vya Valsalva, vilivyopewa jina la Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia wa Italia aliyefariki 1723. Vifuko vinapokwisha mshipa hubana kidogo, na hapo nitapaita shingo. Kisha inafuata aota ya kupanda, tao, aota ya kushuka, na hatimaye aota ya tumboni. Kwa watu wazima wengi aota ya kupanda haizidi sentimita 4.0. Kati ya 4.0 na 4.4 husemwa imetanuka, na kuanzia 4.5 wengi huiita aneurisimu. Upasuaji kwa kawaida hujadiliwa kwa uzito ikifika 5.5, au 5.0 kwa wenye ugonjwa wa Marfan, na mapema zaidi kwa wenye Loeys-Dietz, magonjwa mawili ya kurithi yanayodhoofisha ukuta wa aota. Kati ya "rudi mwaka ujao" na "tupange upasuaji" kuna milimita chache tu, na hizo ndizo eko huzipoteza au kuzizidisha.

Dalili: eko inasoma kubwa kuliko CT

Mtuhumiwa wa kwanza ni mkato wa mshazari. Chukua bomba la plastiki ulikate kwa msumeno. Ukilikata wima kabisa, mdomo unakuwa duara. Ukilaza msumeno, mdomo unakuwa yai, na upana wa yai hilo kwa urefu wake si upana wa bomba. Hesabu yake ni rahisi: mkato ukilala kwa nyuzi 20, aota ya 4.0 inasomeka karibu 4.3. Ukilala kwa nyuzi 30, inasomeka 4.6. Yaani mtu mwenye aota ya kawaida anapewa aneurisimu na mkono uliopinda.

Hutokea zaidi kwa wazee na wenye shinikizo la damu la muda mrefu, kwa sababu aota yao hurefuka na kujipinda. Probu inakaa palepale ilipozoea, mshipa umeshageuka.

Namna ya kulikamata kosa hili: tazama picha yenyewe, usitazame namba. Kwenye picha ya urefu, kuta mbili za aota zinapaswa kwenda sambamba, na vali iliyo mlangoni mwa aota kufunga katikati ya shina. Vali ikifunga upande mmoja, shuku mkato kabla ya kushuku mshipa, au angalau shuku kwamba vali ina vipande viwili badala ya vitatu, jambo ambalo lenyewe huambatana na kutanuka kwa aota. Kwenye mkato wa upande, tafuta duara. Ukiona yai, zungusha probu mpaka yai lipungue. Lisipopungua kwa vyovyote, huenda mshipa wenyewe si duara, na hapo CT au MRI inahitajika kwa haki.

Mtuhumiwa wa pili ni desturi ya kupimia. Katika eko ya watu wazima, shina na aota ya kupanda hupimwa kutoka ukingo wa mbele wa ukuta ulio karibu na probu hadi ukingo wa mbele wa ukuta wa mbali, moyo ukiwa umelegea. Maana yake unene wa ukuta mmoja umo ndani ya kipimo. Mpimaji wa CT akipima kutoka ndani hadi ndani, atapata pungufu ya milimita 2 hivi bila yeyote kati yao kukosea. Tofauti ya kiasi hicho si ugomvi, ni lugha mbili.

Wa tatu ni CT yenyewe. Watu husahau kwamba picha za CT hutoka zikiwa vipande vya kulala, na aota haikuumbwa kufuata vipande hivyo. Aliyepima moja kwa moja kwenye kipande bila kuugeuza mkato uwe wima kwa mshipa amelikata bomba mshazari vilevile. Kwenye tao hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo CT ikitofautiana na eko kwa zaidi ya milimita 3, uliza kwanza kama CT ilipimwa kwa mkato uliogeuzwa kufuata mshipa na kama ilipigwa kwa kufuata mapigo ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Shina la aota hutikisika kwa kila pigo, na picha iliyopigwa bila kufuata ECG huwa na ukungu wa kingo mbili pale pale tunapotaka kupima.

Dalili: eko inasoma ndogo, au inasema kawaida, lakini kuna sababu ya kutoiamini

Hili nalipa uzito zaidi, kwa sababu namba kubwa ya uongo huishia kwenye CT na kusahihishwa, ila namba ndogo ya uongo huishia nyumbani.

Chanzo kimoja ni kukosa katikati. Ukipitisha mstari pembeni ya kitovu cha duara unapata urefu mfupi kuliko kipenyo. Aota ya 4.8, mstari ukipita milimita 12 kando ya kitovu, inasomeka karibu 4.2. Picha inakuwa safi, kuta zinang'aa, na hakuna kinachokuonya. Dawa yake ni kuyumbisha probu taratibu kushoto na kulia, kisha kupima pale mshipa unapoonekana mpana kuliko kote.

Chanzo kingine ni kipimo cha mstari mmoja kinachoandika mwendo kwa muda, kile cha M-mode. Shina la aota hupanda na kushuka kwa kila pigo, mstari haupandi nalo. Unaanza kupima kifuko, unamalizia kupima shingo. Kwa kupima shina siku hizi sioni sababu ya kuutumia. Una kazi nyingine nzuri, tutaifikia.

Kisha kuna kifuko kisichoonekana. Picha ya kawaida ya urefu upande wa kushoto wa kifua huonyesha vifuko viwili tu kati ya vitatu. Kikiwa kilichofura ni cha tatu, utapima viwili vizima na kuandika kwamba shina ni zima. Mkato wa upande juu ya vali huonyesha vyote vitatu kwa pamoja. Kwa nini mkato huo huachwa wakati unachukua sekunde chache, sijui.

Lakini kosa kuu katika kundi hili halimo kwenye kupima. Limo kwenye kutofika. Dirisha la kawaida la eko huonyesha shina na sentimita chache za mwanzo wa aota ya kupanda. Aneurisimu nyingi, hasa za wenye vali ya vipande viwili, hufura juu zaidi ya hapo. Mpimaji aliyeona shina la 3.7 na kuandika "aota: kawaida" amesema ukweli kuhusu mlango, ameunyamazia ukumbi.

Cha kufanya: pandisha probu nafasi moja ya mbavu, wakati mwingine mbili. Mgeuze mgonjwa alale ubavu wa kulia na uweke probu upande wa kulia wa mfupa wa kidari, kwa sababu aota ya kupanda iliyofura husogea huko na mara nyingi huonekana vizuri kuliko ulivyotarajia. Weka probu kwenye kishimo juu ya kidari uone tao. Usimalize bila kutazama chini ya mbavu uone aota ya tumboni. Mtu mwenye mapafu yaliyojaa hewa, mwili mnene au aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kukunyima madirisha yote hayo. Hapo ripoti iseme hivyo.

Eko ya kupitia umio nayo, pamoja na sifa zake zote, ina kipofu chake: bomba la hewa hupita kati ya umio na mwisho wa aota ya kupanda pamoja na mwanzo wa tao, na mawimbi ya sauti hayapiti kwenye hewa. Anayeamini kwamba eko ya umio imeona kila kitu amesahau sentimita hizo.

Dalili: "imekua" tangu mwaka jana

Mwaka jana 4.2, mwaka huu 4.4. Familia imeshtuka. Kabla ya lolote, weka picha mbili ubavu kwa ubavu. Picha, si ripoti. Wapimaji wawili wazuri wakipima aota moja siku moja hutofautiana kwa milimita 2 au 3, na hata mpimaji mmoja akirudia kazi yake mwenyewe hapati namba ileile. Ndiyo maana ongezeko linalochukuliwa kwa uzito ni milimita 3 kwa mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au milimita 5 ndani ya mwaka mmoja. Chini ya hapo unapima mkono wa mpimaji.

Ukishaweka picha pamoja, angalia mambo haya. Je, ni mahali palepale? Mara nyingi mwaka jana walipima vifuko, mwaka huu aota ya kupanda, na ripoti zote mbili zimeandika "aota" tu. Je, ni wakati uleule wa pigo? Moyo ukisukuma, aota hutanuka milimita 1 au 2, na kwa kijana mwenye mshipa laini hata zaidi kidogo. Je, shinikizo la damu siku hiyo lilikuwaje? Je, mng'ao wa picha ulikuwa sawa? Mng'ao ukizidishwa, kingo hunenepa kama wino kwenye karatasi laini, na alama ya kupimia haijui ukingo halisi uko wapi.

Yote yakilingana na bado imeongezeka, basi imeongezeka. Rudia kwa CT au MRI, na kuanzia hapo fuatilia kwa njia moja tu, ikiwezekana mahali pamoja.

Dalili: kuna uzi ndani ya aota

Mstari mweupe unaoelea ndani ya aota ya kupanda huweza kumaanisha kwamba ukuta wa ndani umechanika na damu imejipenyeza katikati ya matabaka. Hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Huweza pia kuwa mwangwi.

Neno eko lenyewe ni mwangwi. Mashine hutuma sauti, hungoja irudi, na kwa muda wa kungoja hukisia umbali. Inadhani kila sauti imekwenda na kurudi mara moja. Sauti ikigonga ukuta wa aota, ikarudi kwenye probu, ikaruka tena na kuugonga ukuta uleule, itarudi ikiwa imechelewa maradufu, na mashine itachora ukuta wa pili kwa umbali maradufu. Katika eko ya umio, ukuta wa nyuma wa aota ukiwa sentimita 3.5 kutoka kwenye probu, mstari wa uongo utajitokeza kwenye sentimita 7. Hapo ni katikati ya aota ikiwa aota imetanuka kuliko atiria ya kushoto, chumba cha juu cha moyo kilicho nyuma yake. Ndiyo kejeli yake: aliyetanuka aota, yaani ambaye hatari ya kuchanika imemkaribia kweli, ndiye mashine humchorea mchaniko wa uongo.

Hapa ndipo M-mode inapolipa deni lake. Pitisha mstari juu ya huo uzi na juu ya ukuta unaoushuku kuwa mzazi wake. Uzi wa uongo hucheza sambamba na mzazi, kila anaposogea nao husogea, tena kwa hatua maradufu. Utando wa kweli hucheza ngoma yake mwenyewe, hupepea kwa mkondo wa damu. Pima umbali pia: kama uko maradufu kamili ya umbali wa ukuta fulani, umeshapata jibu. Kisha washa Doppler ya rangi, inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi. Damu hupita katikati ya mstari wa uongo kana kwamba haupo, ilhali utando wa kweli hugawa rangi, huku mwendo wa kasi na kule mwendo wa polepole au wa kurudi nyuma. Mwisho, badili dirisha. Kitu cha kweli huonekana kutoka pande mbili, tena kina kingo zinazoshikana na ukuta mahali fulani. Mzuka hauna pa kujishika, na huvuka ukuta wa aota kwenda nje bila aibu.

Wapo pia majirani. Vena kubwa ya kushoto inayotoka mkononi hupita juu ya tao, na ukuta kati yake na tao huonekana kama utando unaotenga mifereji miwili. Doppler humaliza ubishi: damu ya vena ni ya taratibu na inaelekea moyoni. Chokaa kwenye shingo ya aota nayo hurusha mistari ya pembeni inayofanana na nyuzi.

Kinyume chake kipo. Wakati mwingine hakuna uzi kabisa, bali ukuta umenenepa upande mmoja kama mwezi mwandamo, kwa sababu damu imevilia ndani ya ukuta bila kupasua tabaka la ndani. Eko ya kifuani huikosa hii kwa urahisi, na hatari yake haipungui kwa kukosa uzi. Kwa sababu hiyo hakuna eko ya kifuani iliyo safi kiasi cha kumwambia mgonjwa mwenye maumivu ya ghafla kwamba aota yake haijachanika. Inaweza kuthibitisha, haiwezi kukana.

Dalili: eko imeshapata maelezo mengine ya maumivu

Huu ndio mtego ninaouogopa kuliko yote, kwa kuwa ndani yake eko haijakosea. Inaonyesha kitu cha kweli, na kitu hicho kinamfanya kila mtu aache kutafuta.

Mchaniko ukishuka hadi mdomo wa mshipa unaolisha moyo, mara nyingi ule wa kulia, sehemu ya moyo hukosa damu. ECG inaonyesha shambulio la moyo. Eko inaonyesha ukuta wa chini wa ventrikali, chumba kinachosukuma damu, usiokaza. Kila kitu kinaafikiana, na mgonjwa anaanzishiwa dawa za kuyeyusha damu huku aota ikivuja. Mwigizaji wa Marekani John Ritter alifariki Septemba 2003 kwa mchaniko wa aota ambao mwanzoni ulidhaniwa kuwa shambulio la moyo.

Majimaji kwenye mfuko wa moyo ni sura nyingine ya mtego huo. Yanaitwa uvimbe wa mfuko, mgonjwa anapewa dawa za maumivu, kumbe ni damu inayochuruzika kutoka kwenye shina. Vali ya aota inayovuja ghafla ni ya tatu: inaandikwa "ugonjwa wa vali", ilhali vali ni nzima, ila shina lililofura limeivuta vipande vyake visikutane.

Kanuni ninayoifuata: kila nikiona lolote kati ya hayo matatu kwa mtu mwenye maumivu ya kifua, narudi kwenye aota kabla sijaondoa probu. Na kama maumivu yalianza ghafla yakiwa kileleni tangu sekunde ya kwanza, yakahamia mgongoni, au shinikizo la mkono mmoja linapishana na la mwingine kwa zaidi ya 20, mgonjwa anakwenda CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa hata eko iwe safi vipi. Msomaji mwenye maumivu ya namna hiyo sasa hivi aache kusoma aende kitengo cha dharura.

Dalili: kuna mviringo mkubwa nyuma ya moyo

Aota ya kushuka huonekana kama duara dogo nyuma ya atiria ya kushoto. Ikionekana kubwa, kwanza kumbuka bomba na msumeno. Kisha fikiria majirani: mfereji wa vena za moyo uliotanuka, au tumbo lililopanda kupitia upenyo wa kiwambo. Kwa hili la mwisho mpe mgonjwa kinywaji chenye gesi. Mapovu yakionekana yakizunguka ndani ya "aneurisimu", kesi imefungwa.

Dalili: aota ya tumboni ni pana nje, nyembamba ndani

Tumboni, kuanzia sentimita 3.0 ni aneurisimu. Humo damu hupenda kuganda ukutani kwa tabaka, ikabaki njia nyembamba katikati. Anayepima njia ya damu tu, hasa kwa kufuata rangi ya Doppler, atapata 2.2 ndani ya mshipa wa 5.0. Pima ukuta kwa ukuta, rangi ikiwa imezimwa.

Dalili: namba ni sahihi, maana yake siyo

Aota ya 4.8 kwa mtu wa mita 1.90 na kwa mtu wa mita 1.60 si habari moja. Njia mojawapo inayotumika ni kuchukua eneo la mkato wa aota kwa sentimita za mraba, kisha kuligawa kwa urefu wa mtu kwa mita. Ikizidi 10, hatari huhesabiwa kuwa kubwa. Mrefu anapata 9.5, mfupi 11.3. Huyu wa pili, mara nyingi mwanamke, ndiye anayeambiwa asubiri mpaka 5.5.

Ripoti inavyopaswa kusomeka

Mgonjwa anaweza kuuliza maswali matatu bila kuwa daktari: mmepima sehemu gani, kwa njia gani, na sehemu gani hamkuiona? Ripoti iliyoandikwa vizuri inayajibu kabla hujauliza, kwa mfano hivi: "Vifuko vya Valsalva 4.3, ukingo wa mbele hadi ukingo wa mbele, moyo ukiwa umelegea. Shingo 3.6. Aota ya kupanda katikati 4.4, dirisha la kulia. Vali ina vipande vitatu. Tao halikuonekana. Aota ya tumboni 2.0. Picha zimelinganishwa na za mwaka jana, mahali palepale." Kati ya sentensi zote hizo, inayokosekana mara nyingi zaidi ni ile yenye maneno mawili.